Shangazi anasema ulevi uko kwenye damu yetu. Ni kweli?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Mbagala. Baba yetu alikunywa gongo mpaka ini likaharibika, akafariki tumbo limejaa maji. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 25 na sasa anakunywa kumzidi marehemu. Alianza na viroba vya pombe kali akiwa na miaka 14. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka azimue. Mwaka jana aliwekwa mahabusu, siku ya pili akaanguka kifafa, na hajawahi kuwa na kifafa. Shangazi anasema ni damu ya ukoo. Mama anasema mtoto aliharibika tangu mabomu ya 2009, alipopotea akiwa darasa la tatu tukampata kesho yake. Hadi leo mkesha wa mwaka mpya fataki zikianza anatoka nyumbani, anarudi hajitambui. Baba akilewa alikuwa anampiga yeye. Mimi nililelewa kwa bibi Mkuranga mpaka nilipomaliza darasa la saba. Nashukuru Mungu hiyo damu imenipita: kwenye sherehe nakunywa bia nne na sioni kitu, wenzangu wanashikiliwa. Sasa familia ya mchumba wangu imesikia habari zetu, na mama yake anataka nikapime vinasaba kabla hawajaleta mahari. Je, ulevi unarithiwa? Kipimo kipo? Watoto wangu watapona? Na wajomba wanataka tumfungie mdogo wangu ndani wiki nzima mpaka pombe imtoke. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umeuliza mengi na yote yameshikana, ila nitaanza na la mwisho kwa sababu hilo haliwezi kungoja.

Msimfungie. Waambie wajomba, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno, kwamba mtu anayetetemeka asubuhi mpaka azimue, na ambaye aliwahi kuanguka alipokosa pombe, anaweza kufia ndani ya chumba hicho. Kilichompata mahabusu hakikuwa kifafa cha kuzaliwa wala jini. Pombe huutuliza ubongo, na ubongo unaotulizwa kila siku hujibu kwa kujichangamsha zaidi ili kazi zake ziendelee. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu yuko ndani na yule yuko nje. Miaka inapita mlango umesimama palepale, ukiutazama unadhani hakuna anayesukuma. Siku yule wa nje akiachia ghafla, wa ndani anakwenda kifudifudi.

Degedege la kukosa pombe kwa kawaida huja ndani ya saa 6 hadi 48 baada ya funda la mwisho, ndiyo maana kwake lilikuja siku ya pili. Kati ya siku ya pili na ya nne kuna hatari kubwa zaidi: jasho jingi, homa, moyo kwenda mbio, kuona wadudu ukutani, kuongea na watu wasiokuwepo. Mtaani wataita mashetani. Hospitali hiyo ni dharura, na tunaimudu kwa dawa za kutuliza kama diazepamu zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na maji na vitamini B1 ambayo miili ya wanywaji wengi imeishiwa. Aliyepata degedege mara moja yuko karibu zaidi kulipata tena. Kwa hiyo, mpaka siku mtakayompeleka, asikatishwe pombe kwa nguvu. Najua si rahisi kwa dada kusikia daktari akisema hivyo, lakini nimeona familia zilizopenda kweli zikimpoteza ndugu kwa kumfungia.

Sasa tuje kwenye damu.

Shangazi yako anasimama kwenye jambo lenye ukweli ndani yake. Mwana wa nyoka ni nyoka, wahenga walisema, na kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama mtoto wa mlevi anaiga anachokiona au amezaliwa nacho. Njia nzuri ya kuliamua hilo ni kumtazama mtoto ambaye hakupata nafasi ya kuiga. Mwaka 1973 Donald Goodwin na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Denmark, nchi yenye kumbukumbu nzuri za watoto waliochukuliwa na kulelewa na familia nyingine. Waliwafuatilia wanaume waliotenganishwa na wazazi wao wangali wachanga wa wiki chache. Wale ambao mzazi wao wa kuwazaa alikuwa mlevi wa kufikia kulazwa walikuwa na uwezekano wa karibu mara 4 wa kuwa walevi kuliko wengine waliolelewa vilevile lakini hawakuzaliwa na mlevi. Hawakumwona baba akirudi anayumba, hawakutumwa dukani kumnunulia. Kitu fulani kilisafiri nao.

Baadaye zikaja tafiti nyingi za mapacha. Pacha wa kufanana wana vinasaba vilevile, wasiofanana wanachangia kama nusu, sawa na ndugu wa kawaida. Ukilinganisha makundi hayo mawili unaweza kukadiria urithi una uzito gani. Uchambuzi uliokusanya tafiti hizo pamoja, uliotoka 2015, ulifikia takribani asilimia 50.

Namba hiyo imewatesa watu wengi wanaokuja ofisini kwangu. Wanaisikia hivi: "Baba alikuwa mlevi, basi mimi nina nusu ya ulevi tayari." Sivyo. Ukiniletea sahani moja ya ugali ukaniuliza, "Humu ndani unga ni kiasi gani na moto ni kiasi gani?" sina cha kukujibu, maana bila kimojawapo hakuna ugali. Lakini ukiniletea ugali wa nyumba 100 za Mbagala, huu mgumu, ule laini, mwingine una mabuje, hapo tunaweza kuuliza tofauti hizi zimetokana na unga kwa kiasi gani na mkono wa mpishi kwa kiasi gani. Asilimia 50 inazungumzia tofauti kati ya watu wengi. Haimtabirii mtu mmoja. Na hata kati ya watoto waliozaliwa na mzazi mlevi, zaidi ya nusu hawawi walevi. Nimeiandika sentensi hiyo nikimfikiria mama mkwe wako mtarajiwa.

Shangazi anapopotea ni pale anapoliita jambo hili "ulevi", kana kwamba ulevi wenyewe ni kitu kilichokaa ndani ya damu kikingoja umri. Ulevi haurithiwi. Kinachorithiwa ni namna mwili unavyoipokea pombe, na namna mwili unavyoupokea mshtuko. Hayo mawili yakikutana na nyumba fulani, mtaa fulani na umri fulani, ndipo ulevi unapoota.

Chukua hilo la kwanza. Ukinywa, ini huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha kimeng'enya kingine huiondoa sumu hiyo. Wachina, Wajapani na Wakorea wengi wamerithi aina dhaifu ya jeni iitwayo ALDH2 inayotengeneza kimeng'enya hicho cha pili. Mtu huyo akinywa glasi moja tu uso unawaka, moyo unapiga, kichefuchefu kinapanda. Si ajabu kwamba watu wa aina hii mara chache sana huwa walevi. Mwili unawakataza kabla mtu hajawakataza. Hata miongoni mwetu watu wenye asili ya Afrika, wapo waliorithi aina fulani ya jeni nyingine, ADH1B, inayovunja pombe kwa kasi, na imehusishwa na kinga kidogo dhidi ya ulevi.

Nina sababu ya kulitaja ini. Katika miaka ya 1940 madaktari wa Denmark waligundua kwamba dawa iitwayo disulfiramu inamfanya yeyote anayekunywa pombe apate mateso yaleyale ya wenye ALDH2 dhaifu. Ikawa dawa ya kusaidia watu kuacha. Hii ndiyo ndugu huniomba kwa sauti ya chini: "Daktari, ile ya kumwekea kwenye chai." Usikubali kamwe mtu akuuzie hiyo. Mtu anayeimeza bila kujua, kisha akapiga gongo, shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla na moyo ukasimama. Dawa hiyo hupewa mtu aliyekubali, aliyeelezwa, na anayefuatiliwa.

Na sasa nifike kwenye sentensi yako niliyoirudia mara mbili: "Nakunywa bia nne na sioni kitu."

Umeiandika kama shukrani, kama ushahidi kwamba damu imekupita. Binti yangu, nasikitika kukuambia kwamba mimi nimeisoma kinyume. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari mmoja wa San Diego, Marekani, Marc Schuckit, aliwaita vijana wa kiume wenye umri wa miaka kama 20 hivi, baadhi wakiwa na baba mlevi na wengine hawana. Wote walikuwa hawajawa walevi. Akawapa kipimo sawa cha pombe, kisha akapima jinsi walivyoyumba wakisimama, mabadiliko ya homoni zao, na wenyewe wakaeleza wanajisikia vipi. Watoto wa walevi kwa wastani walilewa kidogo kuliko wenzao kwa kipimo kilekile. Alipowafuatilia miaka kadhaa baadaye, wale ambao pombe ilikuwa haiwakamati ndio waliokuwa wameangukia kwenye ulevi kwa wingi zaidi.

Ukifikiri, inaeleweka. Mwenzako anayeshikiliwa baada ya bia mbili ana kengele inayolia mapema. Wewe kengele yako ama haipo ama inachelewa, kwa hiyo utaongeza ya tano, ya sita, na ini na ubongo wako vinapokea zote sita hata kama miguu haikuyumba. Kwenye baa mtu wa hivi anasifiwa kwamba ana kichwa. Sifa hiyo imewazika wengi. Na ukiniuliza ni nini hasa marehemu baba yako anaweza kuwa amekuachia, hicho ndicho ningekitaja kwanza. Wewe ulilelewa Mkuranga kwa bibi, mbali na gongo la baba, kama wale watoto wa Denmark walivyolelewa mbali. Malezi ya bibi yalikulinda na mengi. Lakini mwili uliozaliwa nao ulikwenda nao Mkuranga na ukarudi nao Mbagala.

Sisemi wewe ni mlevi, wala kwamba utakuwa. Nasema usiipime pombe kwa kuangalia kama umelewa, kwa sababu kipimo hicho kwako kina kasoro. Hesabu chupa. Weka idadi kabla hujatoka nyumbani, na siku ukigundua unakunywa ili upate usingizi au ili uache kuwaza, njoo uniambie siku hiyohiyo. Kama unaweza kuacha kabisa bila kuona umenyimwa kitu, mimi nitafurahi sana.

Mama yako naye ana lake, na nadhani ndiye aliyekaribia zaidi kumwelewa mwanawe.

Jumatano ile ya tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha za jeshi lilipolipuka Mbagala, watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zikabomoka, na watoto walikimbia kwa miguu upande wowote uliokuwa hauna moto. Mtoto wa darasa la tatu alilala usiku ule bila kujua kama mama yake yu hai. Kabla ya hapo, na baada ya hapo, alikuwa akirudi kwenye nyumba ambayo baba akilewa kipigo ni chake. Mambo haya mawili tusiyatenganishe. Bomu lilimpata mtoto ambaye tayari alikuwa anasikiliza mlango kila jioni kujua baba anaingiaje.

Tunapopatwa na hofu, ubongo hutuma amri kwenye tezi ndogo chini yake, nayo hutuma amri kwenye tezi zilizo juu ya figo, zimwage homoni iitwayo kotisoli. Kotisoli huuweka mwili tayari. Hatari ikipita, kotisoli hiyohiyo hurudi kwenye ubongo kuuambia: imetosha, zima. Kuna jeni, FKBP5, inayotengeneza protini ya kuziba masikio ya ubongo kidogo usiisikie kotisoli haraka. Kila mtu anayo jeni hii, ila wengine wamerithi aina inayowaka kwa nguvu zaidi, kwa hiyo hofu yao huchelewa kuzimika.

Mwaka 2008 watafiti wa Atlanta, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 900 hivi wa hospitali ya umma, wengi wao weusi wa kipato cha chini. Aina za jeni hiyo peke yake hazikutosha kueleza nani ana dalili za kiwewe ukubwani. Kilichoeleza ni jeni pamoja na ukatili wa utotoni. Miaka mitano baadaye, 2013, kazi nyingine ikaonyesha kinachoweza kuwa kinatokea: kwa wenye aina hiyo ya jeni walioumizwa wakiwa watoto, alama ndogo za kikemikali zinazokaa juu ya jeni kama kifuniko zilikuwa zimeondoka mahali fulani. Herufi za jeni ni zilezile alizozaliwa nazo, ila kifuniko kimetoka, na jeni inaitika kwa wepesi kupita kiasi. Walioumizwa wakiwa watu wazima tu hawakuonyesha badiliko hilo. Utoto una udongo laini.

Naomba uichukue habari hii kwa uangalifu, kwa sababu fani yetu imewahi kujikwaa hapa. Mwaka 2003 dunia nzima ilitangaziwa jeni moja ya serotonini, kemikali ya ubongo, kuwa ndiyo inaamua nani apate sonona akipatwa na msongo. Tafiti kubwa za baadaye hazikuithibitisha. Kwa hiyo sikuambii kwamba mdogo wako ana FKBP5 ya aina ile. Nakuonyesha njia ambayo hofu ya mtoto inaweza kuingia mpaka kwenye kazi ya jeni na kukaa humo.

Ambalo halina ubishi ni uzito wa utoto wenyewe. Utafiti mkubwa uliotoka California mwaka 1998 uliwauliza watu wazima kuhusu aina za mateso waliyoyapata wakiwa watoto: kupigwa, kutukanwa, kuishi na mlevi, kuona mama akipigwa, na mengineyo. Waliokuwa na aina 4 au zaidi walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kujitaja kuwa walevi wakilinganishwa na wasiokuwa na hata moja. Hesabu za mdogo wako kwenye orodha hiyo unaweza kuzifanya mwenyewe.

Halafu akapata viroba akiwa na miaka 14. Unakumbuka vilivyokuwa vinauzwa, kila kibanda, bei ya sarafu, vinaingia kwenye mfuko wa kaptula ya shule. Vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na kwake marufuku ilichelewa. Uchunguzi wa kitaifa wa Marekani uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, kama asilimia 40 waliishia kwenye utegemezi wa pombe wakati fulani wa maisha yao. Kwa walioanza na miaka 20 au zaidi ilikuwa kama asilimia 10. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wanaoanza mapema mara nyingi ndio walewale wenye mateso nyumbani. Kwa vyovyote, kijana mwenye kengele ya hofu isiyozimika alipewa kitu kinachoizima kwa dakika 10, na kwa bei ya pipi.

Usiku pombe inamlaza. Alfajiri, inapotoka mwilini, kengele inarudi na nguvu zaidi ya jana: kotisoli inapanda, mapigo yanapanda, ndoto zile zinakuja. Anazimua. Kwa hiyo mwaka hadi mwaka anakunywa kidogo kwa raha na zaidi kwa kukimbia. Mtu anayetoroka nyumbani mkesha wa mwaka mpya fataki zikianza hatafuti starehe. Ana kiwewe, na kiwewe kina matibabu yake, tofauti na ya pombe, ingawa yanahitaji kwenda pamoja.

Wewe na yeye ni damu moja, na bado hamkulelewa nyumba moja. Watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha mwaka 2004 kazi waliyoifanya kwa panya. Wapo panya mama wanaolamba sana watoto wao na wapo wanaolamba kidogo. Watoto wa wasiolamba hukua wakiwa na hofu nyingi, na vifuniko kwenye jeni inayopokea ujumbe wa kotisoli vimekaa vingine. Lakini mtoto wa mama asiyelamba akipewa mama anayelamba tangu siku za mwanzo, hukua mtulivu, na vifuniko vyake hufanana na vya mama mlezi. Sikufananishi na panya. Nataka tu umjue bibi yako wa Mkuranga alikufanyia nini, hata kama mwenyewe hakujua jina lake. Mdogo wako hakumpata bibi huyo. Ukishaliona hilo, utaacha kumuuliza kwa nini yeye ameshindwa na wewe umeweza.

Kipimo cha vinasaba: hakipo cha kumwambia mtu kama atakuwa mlevi. Mama mkwe amesikia vipimo vya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambavyo huamua mtoto ni wa nani au damu ya eneo la tukio ni ya nani. Hapo wanalinganisha alama za watu wawili, hawatafuti tabia. Kwa ulevi, utafiti wa mwaka 2020 uliopima watu zaidi ya 435,000 ulipata maeneo 29 kwenye vinasaba yanayohusiana na unywaji wenye matatizo, na ule wa 2023 wenye watu zaidi ya milioni moja ukapata maeneo 110. Kila moja lina mchango mdogo mno, kama punje kwenye gunia. Tena wengi waliopimwa wana asili ya Ulaya, na hesabu za hatari zilizotengenezwa kwa vinasaba vyao hazifanyi kazi vizuri kwetu Waafrika, ambao vinasaba vyetu vina utofauti mkubwa kuliko vya watu wengine wote duniani. Atakayekuuzia kipimo hicho Dar es Salaam anakuibia.

Kwa mama mkwe, usijitetee kwa kuficha. Mwambie mchumba wako yote uliyoniandikia, pamoja na hili la bia nne, kwa sababu ndiye atakayekaa nawe mezani miaka 40. Akilielewa yeye, atajua namna ya kumwambia mama yake kwa lugha ya kwao. Na kama kikao cha wazee kitataka kusikia kwa mtaalamu, njooni wote. Nimeshakaa na familia mbili chumba kimoja kwa jambo kama hili.

Kuhusu watoto, wataweza kurithi sehemu ya namna mwili wako unavyoipokea pombe, na sehemu watairithi kwa baba yao. Kwamba hofu ya wazazi hupita kwenye mbegu mpaka kwa wajukuu, ushahidi kwa binadamu bado ni mwembamba, usilale macho kwa hilo. Mambo yenye uzito yako mikononi mwenu. Ukiwa mjamzito usinywe kabisa, hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama. Mtoto asilambishwe povu la bia kwenye sherehe watu wakacheka, asitumwe kununua pombe, na acheleweshwe kuionja kadiri mtakavyoweza. Asilelewe kwa kipigo. Akifika umri wa kuelewa, mwambieni habari za babu yake kwa upole na ukweli, pamoja na hiyo kengele inayochelewa.

Nirudi kwa mdogo wako. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke, ndiyo iliyo karibu nanyi, muulizie kliniki ya afya ya akili. Ikibidi watawaelekeza Muhimbili. Watu watakwambia atapewa methadoni kama wale wanaopanga foleni asubuhi. Methadoni, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa 2011, ni ya heroini, haihusiki na pombe. Kwa pombe, baada ya siku za kumtoa salama, kuna naltreksoni na akamprosati, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Zitaje kwa daktari na muulize kama zinamfaa, hasa kwa kuangalia ini lake kwanza. Kama mtafikiria nyumba za upataji nafuu, swali la kwanza kwa mwenye nyumba liwe hili: wiki ya kwanza nani mwenye taaluma ya tiba analala hapa? Asipokuwepo mtu, mdogo wako asianzie hapo.

Usimtajie mabomu siku ya kwanza. Atayataja mwenyewe akishapata usingizi wa siku kadhaa na kuona kwamba anayemsikiliza hana haraka. Mazungumzo ya tiba ya kiwewe yanataka mtu ambaye ubongo wake umepumzika kidogo. Ukitaka kumshawishi kwenda, anza na kile anachokiogopa yeye, na mimi ningebahatisha ni ile siku ya mahabusu. Mwambie umejua kwa nini alianguka, na kwamba kuna mahali anaweza kuacha bila kuanguka.

Nendeni wawili, asubuhi. Usimzuie kupata kidogo kabla ya kutoka ikiwa anatetemeka. Na uwe umeandika kwenye karatasi saa aliyokunywa mara ya mwisho, alikunywa nini, kiasi gani, na tarehe ile aliyoanguka. Hayo ndiyo watakayouliza kwanza, na yeye huenda asiweze kujibu.